Daktari Aliyepoteza Mkono kwa Ajili ya Eksirei

Ndugu msomaji, umewahi kupigwa eksirei? Kama bado, mshukuru Mola wako. Kama umewahi, basi bila shaka wayakumbuka mambo yalivyokwenda. Unaingizwa katika chumba chenye baridi, unaambiwa uvue saa na mkufu, unalazwa juu ya meza ngumu. Mkono unawekwa hivi, hapana, ugeuze kidogo, haya, tulia hapo hapo. Halafu yule mhudumu aliyekuwa akikushika kwa upole anakuacha peke yako, anajibanza nyuma ya ukuta, na unasikia mlio mdogo tu. Kwisha.

Mimi yalinikuta nikiwa na miaka tisa, baada ya kuanguka kutoka juu ya mwembe wa jirani (nilikuwa nafuata nini huko juu, hayo tuyaache). Aliyenipeleka hospitali ni marehemu nyanya yangu. Yule kijana wa eksirei alipomwomba atoke nje, naye mwenyewe akaelekea kwenye kile kijichumba chake, nyanya alisimama mlangoni akamuuliza, "Mwanangu, kama kitu hiki hakina madhara, mbona wewe wakimbia na mjukuu wangu wamwacha humo?"

Yule kijana akacheka. "Hakuna neno, bi mkubwa, ni dakika moja tu."

Nyanya hakuridhika na jibu lile, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba swali lake lilikuwa la maana sana, na kwamba zamani kulikuwa na watu ambao hawakukimbilia nyuma ya ukuta kwa sababu ukuta wenyewe haukuwepo. Leo nataka nikusimulie habari za mmoja wao. Hakuwa mtu wa kwetu wala wa dini yetu, lakini kila mmoja wetu aliyewahi kuvunjika mfupa akaungwa vizuri ana deni kwake. Jina lake ni John Francis Hall-Edwards, daktari wa mji wa Birmingham, Uingereza.

Daktari mpiga picha

Hall-Edwards alizaliwa tarehe 19 Disemba 1858. Alisomea udaktari, akafungua kazi katika mji wake wa Birmingham, mji wa viwanda, moshi na vyuma. Lakini alikuwa na kazi ya pili aliyoipenda kama vile vijana wa leo wapendavyo simu zao, nayo ni kupiga picha. Usidhani kupiga picha wakati ule kulikuwa kubonyeza kitufe. Picha ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa, ikasafishwa gizani kwa kemikali, na ukikosea hatua moja kazi yote imeharibika. Hall-Edwards aliimudu kazi hii hadi akajulikana Uingereza nzima miongoni mwa wapiga picha wenzake.

Shika jambo hilo, maana ndilo lililomfanya awe tayari siku ilipofika.

Siku yenyewe ilianzia Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, profesa mmoja wa fizikia katika mji wa Würzburg, Wilhelm Röntgen, alikuwa akipitisha umeme wa nguvu ndani ya chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Chupa ilifunikwa kwa karatasi nyeusi na chumba kilikuwa giza. Pembeni kulikuwa na ubao uliopakwa dawa fulani, na ule ubao ukaanza kung'aa wenyewe. Kitu kilitoka ndani ya chupa, kikapenya karatasi, kikafika kule. Yeye mwenyewe hakujua ni kitu gani, ndiyo maana akakiita X, ile herufi wanayoitumia wanahesabu kwa kitu wasichokijua. Jina letu la eksirei linatokana na hapo. Kabla ya mwaka kwisha alimwomba mkewe aweke mkono juu ya bamba la picha kwa takriban robo saa, na kikatokea kile ambacho hakuna mwanadamu aliye hai aliyewahi kukiona bila kisu: mifupa ya vidole vya mtu mzima wa afya, na pete ikielea juu ya mmoja wao.

Röntgen alikataa kuisajili haki ya uvumbuzi huo iwe mali yake. Aliacha dunia nzima iutumie bure, na alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1901 fedha zake alizipa chuo chake. Hebu fikiria kama angefanya vingine! Kwa sababu hakukuwa na kizuizi, na kwa sababu vifaa vyenyewe tayari vilikuwemo katika maabara nyingi za fizikia, habari ilienea kama moto wa makuti. Gazeti la Vienna lilitangaza Jumapili ya tarehe 5 Januari 1896. Siku sita tu baadaye, Jumamosi ya tarehe 11, Hall-Edwards kule Birmingham alikuwa ameshapiga picha ya eksirei ya mkono wa mwenzake, ndani yake mna sindano iliyochomekwa chini ya ngozi, na sindano ile ikaonekana waziwazi.

Siku sita, msomaji. Wakati ule hapakuwa na intaneti wala hapakuwa na fundi wa kuja kumfungia mashine. Alikuwa na habari ya gazeti, chupa ya kioo, mtambo wa kuzidisha nguvu za umeme, na mikono iliyozoea mabamba ya picha.

Mwezi uliofuata mambo yakawa si majaribio tena. Mwanamke mmoja alikuwa na sindano iliyokatikia mkononi, na maumivu yamemzidi. Kila mama anayeshona anaijua taabu hii, na kila daktari wa zamani aliijua taabu ya kuitafuta: ilibidi kupasua huku na huku kwa kubahatisha, mara nyingine mkono unaharibika zaidi kwa kisu kuliko kwa sindano. Hall-Edwards alimpiga picha. Ijumaa ya tarehe 14 Februari 1896 daktari wa upasuaji wa Queen's Hospital, Birmingham, akiongozwa na picha ile, akapasua mahali penyewe na kuitoa.

Waingereza husema hiyo ndiyo mara ya kwanza eksirei kuongoza upasuaji. Wakanada nao watakuambia kwamba kule Montreal, wiki hiyo moja kabla, ilipigwa picha ya mguu wa mtu aliyepigwa risasi, na risasi ikatolewa. Mimi siingii katika mashindano hayo. Majira yale watu walikuwa wakifika mahali pamoja kwa njia mbalimbali, na tofauti yao ni siku chache. Hall-Edwards alitofautiana na wengi kwa jambo jingine: yeye hakuiacha. Wako waliojaribu mara mbili tatu, wakawaonyesha marafiki, wakarudi kwenye kazi zao. Yeye mwaka huohuo alikuwa ameshafika kupiga picha za uti wa mgongo, na mwaka 1899 General Hospital ya Birmingham ikampa cheo cha daktari wa eksirei.

Risasi

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili ambavyo vyote vimo katika kisa hiki. Risasi ni ile inayotoka katika bunduki ikaingia mwilini, na risasi pia ni ile madini nzito ya kijivu ambayo hutengenezewa aproni ya mhudumu wa eksirei. Historia ya eksirei ilianza na risasi ya kwanza ikachelewa sana kuifikia ya pili.

Vita ndivyo vilivyoonyesha faida ya chombo hiki. Na hapa kuna habari ambayo vijana wetu wengi hawaijui, nami naiweka kwa makusudi. Mwaka 1897 dola ya Uthmaniya ilipigana na Ugiriki. Majeruhi walipelekwa Istanbul, katika hospitali ya kijeshi ya Yıldız. Kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Esad Feyzi, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshatengeneza eksirei kwa vifaa vya maabara ya chuo chake. Yeye na mwenzake Rifat Osman wakajitolea, wakapeleka vifaa vyao hospitalini. Askari mmoja aliyetoka Boyabat alikuwa na kipande cha risasi katika kifundo cha mkono; wakampiga picha, madaktari wakajua pa kupasua, kikatolewa. Mwaka 1898 Esad Feyzi alitoa kitabu kizima kuhusu miale hii na matumizi yake katika tiba na upasuaji, kwa lugha ya Kituruki. Alifariki mapema mno, hakufika hata miaka thelathini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwamba Waislamu siku zile walikuwa wamelala usingizi, mwambie asome kidogo.

Mwaka 1898 eksirei ilifika Sudan pamoja na jeshi la Waingereza, baada ya vita vya Omdurman. Umeme wa kuendeshea mtambo waliupata kwa askari wawili waliokanyaga baiskeli ya watu wawili iliyofungwa kwenye dainamo, juani, kando ya Mto Naili. Nakiri kwamba ninapofikiria picha hiyo najikuta nawahurumia wale waendesha baiskeli karibu kama majeruhi wenyewe. Kisha mwaka 1900 Hall-Edwards naye akaja bara letu. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimepamba moto Afrika Kusini, naye akajiunga na hospitali ya mahema iliyojengwa Deelfontein, kituo kidogo cha gari moshi katika nyika kavu ya Karoo. Alikaa huko zaidi ya mwaka, akipiga picha za vichwa, mabega na mapaja yaliyoingia risasi. Vumbi liliingia kila mahali na joto liliharibu mabamba yake, lakini kazi ilikwenda.

Mtu anaweza kuuliza: vita vile vilikuwa vita vya nani, na vilikuwa na faida gani kwa Mwafrika? Ni swali la haki. Vita vya Omdurman hasa ni kilio kwa watu wa Sudan hadi leo, maelfu waliuawa kwa mizinga asubuhi moja, na mtambo wa eksirei haukupelekwa kule kwa ajili yao. Daktari hutibu aliyewekwa mbele yake, lakini si yeye anayeamua nani awekwe.

Mikono

Sasa tuje kwenye lile swali la nyanya.

Chupa za eksirei za wakati ule hazikuwa na tabia moja. Leo inatoa miale yenye nguvu, kesho dhaifu, hata asubuhi na jioni zilitofautiana. Kabla ya kumpiga mgonjwa picha, daktari alitaka kujua chupa yake imeamkaje. Alifanyaje? Alichukua ubao ule unaong'aa, akaweka mkono wake mwenyewe kati ya chupa na ubao, akatazama mifupa yake. Ikionekana vizuri, haya, tuendelee. Mkono wa kulia ulikuwa ukishughulika na swichi, kwa hiyo uliotumika zaidi ni wa kushoto. Alifanya hivyo kila siku, mara nyingi kwa siku, na watu walipokuja kustaajabu aliwaonyesha mkono huohuo.

Hakuna kilichouma. Miale ya eksirei haina joto, haina harufu, haionekani, wala hausikii chochote inapokupenya. Moto ukikugusa unauondoa mkono kabla hata hujafikiri. Miale hii haikukupa nafasi hiyo. Madhara yalikuja baada ya siku nyingi, kisha miezi, kisha miaka.

Hall-Edwards alianza kuona dalili mapema, tangu mwaka ule wa kwanza. Ngozi ya mikono ikawa nyekundu na kuwasha. Kisha ikakauka na kupasuka, kucha zikaharibika, zikatokea chunjua, kisha vidonda visivyopona. Maumivu yake hayakumpa likizo usiku wala mchana. Hakuwa peke yake. Kule Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa yule mvumbuzi maarufu Thomas Edison, alikatwa mikono yote miwili na bado akafa mwaka 1904 akiwa na miaka 39. Edison aliogopa kabisa, akaiacha kazi ya eksirei.

Utasema, basi kwa nini wengine hawakuacha? Jibu ni kwamba wengi hawakutaka kuamini. Wako waliosema ni dawa za kusafishia picha zinazowaunguza, wengine wakasema ni cheche za umeme, si miale. Daktari wa meno wa Boston, William Rollins, aliweka panya wa Guinea ndani ya miale mwaka 1901, wakafa, akaandika kwamba miale yenyewe yaweza kuua na kwamba chupa ifunikwe kwa kitu isichoweza kupenya. Wachache walimsikiliza. Kitu kikiwa kipya, na kikikuletea sifa, na kikiokoa watu kila siku mbele ya macho yako, masikio yako huwa mazito. Pia kulikuwa na aibu. Madaktari kadhaa walivaa glavu mbele za watu ili mikono yao isionekane, kwa kuwa ni mgonjwa gani atakayekubali kuwekwa chini ya mtambo uliomla daktari mwenyewe?

Hapa ndipo Hall-Edwards anaponipendeza. Tarehe 15 Oktoba 1904, katika jarida la madaktari wa Uingereza, alitoa makala juu ya ugonjwa wa ngozi unaoletwa na eksirei na namna ya kuuzuia. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mikono yake. Alieleza ulivyoanza, ulivyoendelea, na yale maumivu, bila kujificha. Miaka minne baadaye aliandika tena, safari hii juu ya madhara ndani ya mifupa yenyewe. Yaani aliipiga eksirei mikono iliyoharibiwa na eksirei, ili wenzake waone. Alikuwa mgonjwa na daktari na kitabu cha mafunzo, vyote katika mwili mmoja.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Alikwisha kujua, na bado akaendelea na kazi ile. Wako wanaouita huo ushujaa, na wako watakaouita ukaidi. Mimi naona vyote viwili vilikuwemo. Mgonjwa alikuwa pale, sindano iko ndani, na ni yeye aliyejua kuitafuta. Jioni ikifika ataahidi kupumzika kesho. Nani kati yetu hajawahi kuona mzazi wake akifanya hivyo na kazi inayomvunja mgongo?

Mwaka 1908 saratani ilikuwa imeshika. Mkono wa kushoto ukakatwa. Haukupita muda mrefu, vidole vinne vya mkono wa kulia navyo vikakatwa, akabakishiwa dole gumba peke yake. Alikuwa na miaka hamsini hivi. Serikali ilimpa pensheni ya pauni 120 kwa mwaka, kwa kutambua alichokitoa.

Dole gumba moja

Watu wengi wangekaa kitini wakangoja siku zao. Huyu hakukaa. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na cheo cha meja, akasimamia matibabu katika hospitali za kijeshi za eneo la Birmingham. Vita vilipokwisha aliingia siasa, akachaguliwa diwani wa mji wake mwaka 1920. Na hata upigaji picha hakuusahau, bali ulimletea ugomvi mmoja ambao siwezi kuacha kuusimulia.

Mwishoni mwa mwaka 1920 Arthur Conan Doyle, mtunzi wa visa vya Sherlock Holmes na yeye mwenyewe daktari, alitangaza katika jarida moja la London kwamba wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley wamepiga picha za vijitu vya hadithini vyenye mabawa ya kipepeo, vikicheza kandokando ya kijito. Taifa zima likasisimka, na watu wazima wenye elimu wakaamini. Hall-Edwards, mtu aliyetumia maisha yake kuonyesha visivyoonekana kwa kamera, alizitazama picha zile akasema waziwazi magazetini kwamba haoni sababu ya kuamini, kwamba picha kama zile mtu anaweza kuzitengeneza, na kwamba ni hatari kuwajaza watoto mambo hayo. Conan Doyle alikuwa na jina kubwa kuliko yeye, na watu walimwona daktari huyu kama anayeharibu furaha. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1983, ndipo mabinti wale, sasa vikongwe, wakakiri kwamba vile vijitu vilikuwa karatasi zilizokatwa na kusimamishwa kwa pini.

Hall-Edwards alifariki tarehe 15 Agosti 1926.

Ukuta ulivyojengwa

Sasa turudi kwenye kile chumba cha baridi, maana jibu la nyanya halijakamilika.

Mwaka 1921 daktari mwingine wa eksirei, Ironside Bruce wa London, alifariki kabla hajawa mzee kwa sababu miale ilimharibia damu. Kifo chake kiliwatia watu hofu kuliko vyote vilivyotangulia, na mwaka huohuo Waingereza wakaunda kamati ya kuweka kanuni za kujikinga na eksirei na radiamu: saa za kazi zipungue, chupa ifunikwe, mhudumu asimame nyuma ya kinga ya risasi. Mwaka 1928, katika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa eksirei uliofanyika Stockholm, ikaundwa kamati ya dunia ya jambo hilo, nayo inaendelea hadi leo. Hall-Edwards alikwisha fariki miaka miwili nyuma. Lakini mambo yaliyoandikwa katika kanuni zile ndiyo ambayo yeye na wenzake walikuwa wameyasema kwa mikono yao.

Mwaka 1936, katika bustani ya hospitali ya St. Georg mjini Hamburg, Wajerumani walisimamisha nguzo ya mawe yenye majina 169 ya madaktari, wauguzi na mafundi wa nchi mbalimbali waliouawa na kazi hii. Baadaye majina mengine yakaongezwa. Hamburg hasa kwa sababu ndiko alikofanya kazi Heinrich Albers-Schönberg, mwenzake Hall-Edwards katika fani hii, ambaye naye alipoteza mkono wa kushoto na kufa mwaka 1921.

Hapa kwetu Kenya sheria ya kinga ya mionzi ilikuja mwaka 1982, na mwaka 2019 ikaja nyingine iliyounda mamlaka ya kusimamia mambo ya nyuklia, ambayo kazi yake mojawapo ni kukagua vyumba vya eksirei na kuwapa leseni. Ukienda tena kupigwa picha, tazama kifuani mwa mhudumu. Utaona kijibeji kidogo kimebanwa kwenye koti. Si pambo. Kinapima miale iliyomfikia, nacho hupelekwa kupimwa kila baada ya muda, ili isije ikafika mwaka wa kumi ndipo tukajua kwa vidonda. Mtazame pia anavyokufunika kwa aproni nzito pale panapohitajika, anavyomuuliza dada yako kama ni mja mzito, na anavyokataa jamaa wote wa nyumbani wasijae chumbani kukushika mkono. Usimkasirikie.

Na kuhusu wewe mgonjwa, usiogope. Miale inayokufikia kwa picha moja ya kifua leo ni takriban sawa na ile unayoipata kwa siku kumi hivi kutoka ardhini, angani na katika chakula chako, bila hata kwenda hospitali. Robo saa ya mke wa Röntgen imekuwa sehemu ndogo ya sekunde. CT ndiyo iliyo kubwa zaidi, mara nyingi zaidi ya picha ya kifua, na kwa hiyo si kitu cha kumshurutisha daktari akufanyie kwa sababu tu una pesa au una wasiwasi. Muulize kama ina haja. Ana wajibu wa kukujibu.

Mhudumu yeye hali yake ni nyingine. Wewe umekuja mara moja na mkono wako uliovunjikia mwembeni. Yeye baada yako ana mwingine, na mwingine, hadi jioni, na kesho, na mwaka ujao, mpaka astaafu. Kidogo kidogo hujaza kibaba, na kibaba hicho Hall-Edwards alikijaza kwa mkono wake wa kushoto. Hilo ndilo jibu ambalo yule kijana hakumpa nyanya yangu, pengine kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, pengine naye hakuambiwa.

Mkono wenyewe haukuzikwa. Ulihifadhiwa, ukawekwa katika makumbusho ya magonjwa ya Chuo Kikuu cha Birmingham, ambako wanafunzi wa udaktari huenda kusoma.